Saa tisa za Cobh: umpeleke mama wapi, na mtarudije kabla meli haijang'oa nanga

"Habari mtaalamu. Naishi Minnesota, mwaka huu nimejipanga nimpeleke mama safari ya meli ya siku 24. Tunaondokea New York, tunavuka Atlantiki siku saba bila kuona nchi kavu, alafu bandari ya kwanza ni Cobh, Ireland. Meli inafika saa 2 asubuhi, inaondoka saa 11 jioni. Mimi nataka tuione Dublin, na kama muda upo tufike na kwenye yale magenge ya Moher, nimeambiwa treni ipo pale pale bandarini. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, ni Mlejio (mwanachama wa Lejio ya Maria, chama cha sala cha Wakatoliki) wa siku nyingi, anasema yeye anataka tu aingie kanisani na akae mahali pasipoyumba. Tukichelewa kidogo meli si itatusubiri? Na mama ana pasipoti ya Tanzania na grin kadi, mimi nina pasipoti ya Marekani, hiyo inatosha? Kuna mtu kaniambia viza ya Uingereza inafaa na Ireland. Nijibu kwa undani tafadhali, hela niliyolipa ni nyingi na sitaki kumharibia mama."

Dada yangu, asante kwa swali na hongera kwa kumtoa mama, wengi tunasema tutafanya mwakani mpaka miguu yao inagoma. Nikikusoma vizuri naona una hofu mbili: kwamba utalipa hela zote hizo na usione kitu, na kwamba ukitaka kuona kila kitu utamchosha mama au mtaachwa. Hizo zote nitazifikia, ila naanza na la pasipoti kwa sababu lenyewe likikosewa hamtafika hata Cobh.

Wewe na pasipoti yako ya Marekani huhitaji viza ya Ireland kwa matembezi mafupi. Mama anahitaji. Pasipoti ya Tanzania ni ya viza kwa Ireland, na grin kadi ni kibali cha kukaa Marekani tu, haimfungulii mlango wa nchi nyingine. Watu wengi wanachanganya hapa, wanadhani Ireland ikiwa Umoja wa Ulaya basi viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, inatosha. Haitoshi, Ireland haimo kwenye Schengen. Na huyo aliyekwambia viza ya Uingereza inafaa hajakudanganya kwa makusudi, upo mpango wa viza moja ya Uingereza na Ireland lakini ni wa raia wa India na China, na kuna msamaha mwingine kwa mataifa machache yaliyoorodheshwa ambao wakishakuwa na viza ya Uingereza wanaingia Ireland, Tanzania haimo. Kwa hiyo mama aombe viza ya Ireland yenyewe, na unaweza kuanza kuomba miezi 3 kabla ya tarehe ya safari, usisubiri mwezi wa mwisho. Alafu shika ile karatasi ya safari yenu uangalie bandari moja moja: kama baada ya Cobh mnaenda Belfast au Southampton, huko ni Uingereza, ni viza nyingine, na kama mnaenda Ufaransa au Uholanzi hapo ndio Schengen. Usijipe moyo kwamba "mama atabaki tu ndani ya meli kwenye hizo bandari", kampuni nyingi za meli zinakagua viza za safari nzima siku ya kwanza pale New York, na asiye nazo anaweza kuzuiwa kupanda kabisa na hela hairudi. Hapa usitegemee mimi wala mtu mwingine yeyote wa mtandaoni: piga simu kampuni ya meli wakujibu kwa maandishi, alafu ongea na idara ya uhamiaji ya Ireland au ubalozi wao, na kama mama aliwahi kunyimwa viza popote tafuta mwanasheria wa uhamiaji ukae naye uso kwa uso.

Haya, sasa tuje kwenye saa.

Karatasi ya meli inasema saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, kichwani unahesabu saa tisa. Sio tisa. Saa 2 ni meli kugusa gati, baada ya hapo maofisa wa bandari wanaipa ruhusa na watu wanaanza kushuka, na wanashuka maelfu kwa ngazi moja au mbili, ukiwa nchi kavu saa 3 kasoro umefanya vizuri. Huku mwisho, saa 11 ni saa ya meli kuondoka, muda wa mwisho wa wewe kuwa ndani mara nyingi ni nusu saa kabla, yaani saa 10 na nusu. Na mtu mwenye akili hafiki saa 10 na nusu, anafika saa 10 kasoro kwa sababu foleni ya kurudi ina ukaguzi wa mizigo kama uwanja wa ndege. Kwa hiyo una saa saba. Hizo saba ndio siku yako, panga kwa hizo.

Weka Dublin juu ya hizo saba uone. Ni kweli treni ipo pale pale, stesheni ya Cobh iko jirani kabisa na gati, katika bandari zote nilizopita sijaona nyingi zilizokaa vizuri hivyo. Lakini ile treni inakupeleka Cork, kama dakika 25. Cork mnabadilisha, mnapanda ya Dublin, hiyo ni kama saa mbili na nusu. Ongeza kusubiri stesheni, unafika Dublin saa 6 na ushee mchana na inabidi ugeuke karibu papo hapo. Mtakuwa mmeiona Dublin kupitia dirisha la treni na vyoo vya stesheni. Magenge ya Moher yako upande wa magharibi, Clare, ni kama kilomita 200 kutoka Cobh na barabara nyingine ni nyembamba, weka saa tatu kwenda na tatu kurudi. Ni mazuri kweli, yanasimama mita 214 juu ya bahari, lakini mama mwenye magoti kukaa kwenye basi saa sita ili akatembee dakika arobaini kwenye upepo, hapana dada, mimi nakwambia kama ningemwambia dada yangu wa tumbo moja. Dublin na Moher zinataka siku zake, siku ukija Ireland kwa ndege.

Na meli haitawasubiri. Najua inauma kusikia maana umelipa, lakini elewa kwa nini, sio roho mbaya. Meli kubwa haitoki bandarini kwa hiari ya kapteni peke yake, inatoka na rubani wa bandari, yule anayeiongoza meli kuingia na kutoka, ambaye ameshapangiwa saa, gati lenyewe limelipiwa kwa masaa, na mbele kuna bandari nyingine ambayo nayo ina rubani na gati vimepangwa. Nusu saa ikipotea inabidi ifidiwe kwa kuongeza mwendo, na meli ikiongeza mwendo kidogo tu mafuta inayokula yanapanda kuliko mwendo wenyewe ulivyoongezeka. Kwa ajili ya watu wawili hawafanyi. Kinachofanyika ni hiki, nimekiona kwa macho yangu miaka niliyokaa dawati la ziara melini: kadi yako ya meli inasomwa ukitoka na ukirudi, kwa hiyo wanajua kabisa nani bado, wanatangaza majina, wanapiga simu, alafu dakika za mwisho mhudumu anaenda chumbani kwenu kutafuta pasipoti, zinaachwa kwa wakala wa meli bandarini, ngazi inavutwa. Kuanzia hapo ni juu yenu kuifuata meli mpaka bandari inayofuata kwa hela yenu. Wewe kwa pasipoti yako utakata tiketi ya ndege ulie njia nzima, mama je? Mama atahitaji viza ya kuingia nchi hiyo ya mbele kwa uwanja wa ndege. Ndio maana nimeanza na viza.

Tofauti iko kwenye ziara inayouzwa na meli yenyewe. Basi lao likikwama, meli inawasubiri au inagharamia kuwafikisha. Hiyo ndio unayoilipia, sio basi wala mwongozaji, unalipia ile dhamana. Ubaya wake ni bei, na mtakuwa watu arobaini au hamsini wa basi moja, mama akihitaji choo wote wanasubiri, alafu kuna kusimama kwenye maduka ambayo hamkuomba. Ukienda mbali chukua ya meli, ukikaa karibu nenda mwenyewe.

Kitu kingine kidogo kinachowaponza sana watu wetu: saa. Mnavuka kwenda mashariki, kati ya New York na Ireland kuna tofauti ya saa tano, kwa hiyo meli itasogeza saa mbele kidogo kidogo, usiku kadhaa mtalala saa moja pungufu. Simu haijui saa ya meli, ikishika mtandao wa Cobh inajiweka yenyewe, nyingine inabaki ya Minnesota. Mpe mama saa ya mkononi iliyowekwa saa ya meli na usiitegemee simu. Na mwandikie kwa Kiswahili. Karatasi itasema 16:30, kuna mtu anasoma 6:30 haraka haraka, kuna anayesoma saa kumi na sita akachoka, mwandikie kikaratasi "mwisho SAA KUMI NA NUSU JIONI" aweke kwenye pochi pamoja na jina la meli na jina la gati, ikitokea mmepotezana sokoni anamwonyesha dereva wa teksi yeyote.

Sasa hili la mama kutaka mahali pasipoyumba, nikupe tahadhari maana litawashangaza. Siku saba baharini ubongo wake utakuwa umeshajifunza kuyumba. Sikio la ndani, macho na nyayo vinapeleka taarifa, siku za kwanza vinagombana ndio kichefuchefu, baadae ubongo unakubali kwamba dunia inayumba na unaanza kusahihisha wenyewe kila hatua. Akishuka gatini ubongo unaendelea kusahihisha mawimbi ambayo hayapo, kwa hiyo ni nchi kavu ndio itakayoyumba! Wengi wanaliona wakisimama kuoga au wakisimama kwenye foleni, wakitembea inapungua. Sio ugonjwa, kwa kawaida inaisha ndani ya masaa, wengine siku moja au mbili. Vidonge vya kichefuchefu cha bahari havisaidii sana hapa na vinaleta usingizi, kwa mtu wa miaka 71 usingizi na magoti mabovu ni kuanguka. Afadhali fimbo, viatu visivyoteleza, na nusu saa ya kwanza akae kwenye benchi aangalie maji. Mwonane na daktari wake kabla ya safari mwambie habari ya magoti na dawa anazotumia, na kama ile hali ya kuyumba itaendelea wiki kadhaa mkisharudi nyumbani arudi kwa daktari. Lakini kizunguzungu kikija na mdomo kwenda upande, maneno kukatika au mkono kukosa nguvu, hiyo sio bahari tena, piga 112 au 999 hapo hapo, usirudi melini kwanza.

Basi mfanye nini? Mimi ningefanya hivi, na sisemi kwa kuwafariji.

Cobh yenyewe ni siku nzima. Watu wanashuka pale wanakimbilia mabasi bila kujua wamesimama wapi. Huu mji ulipewa jina Queenstown mwaka 1849 Malkia Victoria alipopita, ukarudishiwa jina lake baada ya Ireland kuanza kujitoa kwa Waingereza. Kati ya 1848 na 1950 Waairishi kama milioni 6 waliihama nchi yao, na karibu milioni 2 na nusu waliondokea hapa hapa mtakaposhukia. Jengo la stesheni ya zamani hatua chache kutoka gatini sasa ni makumbusho ya hao waliohama, na nje kuna sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume. Huyu binti ndiye mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892. Fikiria wewe, mmetoka New York mnakuja Cobh, yeye alitoka Cobh kwenda New York, na wewe mwenyewe ni mhamiaji Marekani. Msimamishe mama pale mpige picha, umweleze taratibu, ataelewa kuliko mtu mwingine yeyote kwenye meli yenu, yeye ndiye mama aliyebaki uwanja wa ndege akipunga mkono.

Mbele kidogo kwenye maduka kuna ofisi ya zamani ya kampuni ya meli ya Titanic. Cobh ndio bandari yake ya mwisho, tarehe 11 Aprili 1912, abiria 123 walipanda hapo, wengi wa daraja la tatu. Titanic haikuingia ndani, ilitia nanga nje kwenye mdomo wa bandari na abiria wakapelekwa kwa boti. Pale karibu pia kuna mnara wa kumbukumbu ya Lusitania, meli ya abiria iliyopigwa na Wajerumani tarehe 7 Mei 1915 ikazama kwa dakika 18, wakafa watu 1,198, na miili mingi ililetwa hapa ikazikwa kwenye makaburi ya nje ya mji. Uwanja ambao mnara umesimama unaitwa Casement Square, na hili jina tulijue sisi watu wa Afrika. Roger Casement alikuwa konseli (balozi mdogo) wa Uingereza Kongo, mwaka 1903 akapanda mto akiandika alichokiona, watu kukatwa mikono kwa ajili ya mpira, ule utomvu wa mitini, wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ripoti yake ikatoka 1904 ikatikisa Ulaya. Baadae akageuka kupigania uhuru wa nchi yake Ireland, Waingereza wakamnyonga London Agosti 1916. Meli iliyokuwa inawaletea wenzake silaha ilikamatwa, na wafanyakazi wake wenyewe wakaizamisha kwenye lango la bandari hii hii. Mimi kila nikifika pale nasimama kidogo.

Kanisa analolitaka mama mtaliona kabla hata meli haijafunga, Kanisa Kuu la Mtakatifu Colman, liko juu ya kilima limeutawala mji wote, lilianza kujengwa 1868 likamalizika 1919, na mnarani lina kengele 49. Sasa sikiliza: kile kilima ni kikali. Usimpandishe mama kwa miguu, chukueni teksi mpaka mlangoni, ni mwendo mfupi na bei sio ya kulia. Kushuka nako kunaumiza magoti kuliko kupanda, kwa hiyo teksi tena. Na kwa kuwa ni Mlejio, mkumbushe Edel Quinn. Alizaliwa 1907 huko Kanturk, mkoa huu huu wa Cork, akaja Afrika Mashariki mwaka 1936 akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, akazunguka Kenya, Tanganyika na Uganda akianzisha Lejio, akafa Nairobi Mei 1944 na kaburi lake liko huko. Siwezi kukwambia mama atajisikiaje akiwa amekaa kwenye benchi la kanisa la mkoa aliozaliwa mtu huyo, ila ningempa muda asikimbizwe, hata saa nzima.

Mkishamaliza hayo, kama miguu bado ina nguvu na ni saa 5 au 6, pandeni treni mwende Cork. Angalia ratiba ya siku yenyewe maana Jumapili zinakuwa chache, na siku ya meli mabehewa yanajaa. Cork nendeni English Market, soko la ndani lililopo tangu 1788, kuna samaki, jibini, mikate, na mama atafurahi kukuta wanauza matumbo, watu wa Cork wanakula matumbo kama sisi, wanayapika na soseji ya damu inaitwa drisheen, hiyo ya damu mwambie kabla hajaonja. Kuleni, kaeni, alafu treni ya kurudi iwe ile ya kama saa 8 na nusu, ikifutwa hiyo mnayo inayofuata bado, na ikifutwa na hiyo bado kuna teksi. Kanuni yangu ni hiyo, uwe na njia mbili za kurudi zilizobaki kabla muda haujakubana.

Blarney utaambiwa na kila mtu. Ni ngome ya zamani karibu na Cork, watu wanapanda ngazi zaidi ya mia, nyembamba za kuzunguka, alafu unalala chali kichwa kikining'inia ulibusu jiwe. Mama asipande. Bustani zake ni nzuri na kuna njia tambarare, kwa hiyo kama wewe roho inakutuma sana, chukueni ziara ya meli ya Blarney, mama akae bustanini wewe upange foleni, ila ujue foleni ya kiangazi inaweza kula saa nzima na zaidi, na kanisa la Cobh hapo mmelikosa. Fota nayo iko njiani kwenye reli ile ile, ni hifadhi ya wanyama, ina twiga na duma, kwa familia iliyotoka Tanzania mimi ningeipita. Gari la kukodi sikushauri, wanaendesha kushoto kama nyumbani lakini wewe mkono wako umeshazoea Marekani na barabara za kule vijijini zina ukuta wa mawe pande zote.

Nguo: hata Julai Cork inaweza kuwa nyuzi 17 na mvua ya manyunyu inakuja mara nne kwa siku, koti la mvua lenye kofia, mwavuli upepo unaugeuza. Hela ni euro, kadi inagusa karibu kila mahali, beba chenji kidogo ya kanisani.

Ikitokea upepo mkali kapteni anaweza kuiruka Cobh kabisa au kuwapeleka bandari nyingine ya Ireland ambako meli inakaa nje na mnaletwa kwa boti. Kuingia kwenye boti ile inayopanda na kushuka sio kazi ya magoti ya mama. Muulize ofisa pale mlangoni asubuhi hiyo bahari ikoje, akikwambia usimpeleke, baki naye.

Na mkirudi salama saa 10 kasoro, mama akanyooshe miguu kitandani nusu saa tu, umwamshe kabla ya saa 11. Mpandishe sitaha ya juu, kaeni upande wa kushoto wa meli, mvae makoti. Meli itapita visiwa vya bandarini, alafu kushoto kwenu mtaona mnara mweupe wa taa wa Roches Point. Ni karibu na hapo Titanic ilipotia nanga. Kanisa litaonekana nyuma kwa muda mrefu.